Anselmo Haendi Kwenye Mdahalo

Pedra Mansa, 4 Septemba 1988

Wifi yangu Otília,

Sisi huku tuna afya ya kutosha kulalamika, na natumaini Lisbon nako hawajakukondesha. Naanza na habari kubwa, maana nakujua, utaruka nusu ya barua ukiitafuta: kaka yako anagombea umeya. Safari hii si uvumi. Wakubwa wa mji walikuja wenyewe hadi sebuleni, Dokta Belarmino Fontes akiwatangulia, yule wakili mwenye ofisi mkabala na posta, wakamwambia mji mzima unamtaka yeye. Belarmino ndiye mgombea mwenza.

Wapinzani ni wawili. Mmoja ni Heraldo Sampaio, mwenye kiwanda cha pamba, ambaye wanajeshi walimkabidhi umeya bila kura enzi zile. Mwingine ni daktari wa meno, kijana mpole ambaye sidhani kama hata wagonjwa wake watampigia. Gazeti limefanya kura ya maoni na Anselmo anaongoza kwa mbali. Ukipita Mlima wa Wafuaji utaona jina lake limepakwa kwenye kila ukuta. Unakumbuka watu wa bondeni walivyohamia kule juu baada ya mafuriko. Mpaka leo hawana karatasi yoyote, wanalala na kuamka wakiogopa kufukuzwa, naye Anselmo alishaahidi hadharani kuwapa hati za viwanja vyao.

Kituo cha televisheni cha mkoa kimetangaza mdahalo tarehe 27 Oktoba, wagombea wote watatu mbele ya kamera. Haijawahi kutokea hapa kwetu. Lakini Anselmo haendi. Belarmino anasema mtu anayeongoza hana sababu ya kuwapandisha wenzake jukwaani, nami nimeona ana hoja.

Hakuandikii mwenyewe kwa sababu mkono wa kulia unamsumbua. Nadhani ni baridi yabisi. Simu usipige, tafadhali. Sebule imejaa watu wa kampeni kutwa nzima na simu iko katikati yao.

Wako,
Zulmira

*

Lisbon, 15 Septemba 1988

Wifi,

Nilisoma mpaka pale penye umeya nikapiga kelele, wauguzi wenzangu wakadhani nimefiwa. Niliwaambia, kaka yangu atakuwa meya, yule yule niliyekuwa nikimpelekea chakula kambini akiwa ameng'olewa kucha. Kisha nikaendelea kusoma, nikafika penye mdahalo, furaha ikaniishia mdomoni.

Niambie vizuri, Zulmira. Anselmo haendi? Anselmo gani? Mimi namjua mmoja tu, aliyepanda juu ya behewa wakati wa mgomo wa reli akaongea mpaka askari waliotumwa kumkamata wakasahau kumshusha. Walimfunga kwa sababu ya mdomo ule. Mimi niliikimbia nchi kwa sababu ya mdomo ule, na sikuwahi kumlaumu hata siku moja. Leo anapewa kamera, taa, na Heraldo ameketi mbele yake hana mtutu nyuma yake, halafu anabaki nyumbani kwa sababu wakili kamwambia kuna hoja?

Huyo Belarmino alikuwa wapi mwaka 1970, kaka alipofungwa? Uliza kwa niaba yangu. Nina hakika alikuwa ofisini mkabala na posta.

Mwambie kaka aende. Mwambie avae koti la kahawia, la bluu linamfanya aonekane karani wa benki. Na kuhusu mkono, mpake mafuta ya kafuri yaliyopashwa moto, umfunge kitambaa cha sufu usiku. Baridi yabisi ya mkono mmoja mimi huwa siielewi sana. Vidole vinavimba?

Otília

*

Pedra Mansa, 26 Septemba 1988

Wifi yangu mpendwa,

Vidole havivimbi. Ahsante kwa mafuta.

Kuhusu lile jambo jingine, naomba usiwe mkali. Wewe uko mbali na siasa za siku hizi, na si kosa lako. Zamani mtu alipanda juu ya behewa akasema lililo moyoni. Sasa kuna dakika mbili, kuna kengele, kuna mwendeshaji aliyepakwa poda, na neno moja likikuponyoka linarudiwa wiki nzima. Heraldo ana watu kutoka mji mkuu wanaomfundisha jinsi ya kutabasamu. Ya nini kumtia Anselmo katika mambo hayo wakati kura anazo?

Sikatai kwamba maneno yapo. Gazeti limechora kiti kitupu chenye jina lake. Heraldo anapita redioni akisema Anselmo Quintela alikuwa mwanamume wakati wa kupambana na wanajeshi, sasa anamwogopa mwuza pamba. Jana alikuja Bi Ifigênia wa kule Mlimani, yule mama mfua nguo ambaye ndiye kiongozi wao wote, ameleta mahindi mabichi. Akaniuliza mlangoni, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, sisi hatuna shaka naye, lakini tungependa kumsikia akilisema lile la hati mbele ya Heraldo, Heraldo akisikia." Nikamwambia mzee amepumzika. Anselmo alikuwa ameketi uani, Bi Ifigênia akamwona, wakapungiana mikono.

Jambo moja nakuomba kama dada. Usimwandikie yeye kuhusu mdahalo. Niandikie mimi, nitukane mimi ukitaka. Yeye mwachie utulivu wake mpaka uchaguzi upite. Kuna sababu, nitakueleza siku nyingine.

Zulmira wako

*

Lisbon, 7 Oktoba 1988

Kaka Anselmo,

Nimekatazwa kukuandikia, kwa hiyo nakuandikia.

Sijui nani amekufunga safari hii. Zulmira ananipa majibu ya kampeni, nami siyataki majibu ya kampeni, nakutaka wewe. Wale waliokutia ndani walitaka kitu kimoja tu, unyamaze. Walikupiga ukakataa kuwapa. Sasa unawapa bure, tena umekaa kwenye kiti cha uani, mkeo anakukinga jua.

Watu wa Mlimani hawana kitu kingine isipokuwa neno lako. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba neno lisilosemwa mbele ya mwenye nguvu halijasemwa. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikaliamini, nikalilipia kwa maisha yangu yote kuwa huku, kwenye mvua za watu wengine.

Nenda, kaka. Usiponijibu nitajua kwamba kule kambini walikumaliza, ila hukutuambia.

Mdogo wako,
Tília

*

P. Mansa, Oktoba

Tília mdogo wangu

Barua yako nimeila. Nimeisoma. Nimesoma mara nyingi nyingi mpaka ikabaki.

Umesema kweli yote. Zulmira ni mwema lakini ananifunika, kama ile ya juu ya sufuria. Dokta ananipa maneno kwenye karatasi asubuhi na jioni baada ya chakula. Simpendi. Ana viatu.

Mimi si wa kukaa. Nikikaa yanakimbia, yale, ya mdomoni. Nikisimama mbele ya watu yanarudi, nimejaribu uani na kuku, yamerudi. Nitakwenda kwenye kioo. Heraldo nitamwambia treni ni ya watu. Na Mlima ni wa watu wa mkate. Wa mlima.

Usimwambie Zulmira nimelia. Mkono hauumwi.

Kaka yako
Anselmo Anselmo

*

Lisbon, 28 Oktoba 1988

Zulmira,

Barua ya kaka imefika leo mchana, nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikaketi hapo hapo.

Kaka yangu ana nini? Usiniambie baridi yabisi. Nimefanya kazi miaka tisa na watu waliopatwa na kiharusi, mwandiko huu naujua, na namna ya kukosa maneno naijua. Imeanza lini? Nani amemwona? Kwa nini mimi, muuguzi, dada yake wa tumbo moja, sikuambiwa?

Nimepiga simu mara kadhaa. Mwanamume mmoja anapokea, anasema mgombea ana shughuli, anakata. Msimpeleke kwenye mdahalo. Namwambia asiende, nayafuta yote niliyoandika, mwambie Tília amesema asiende. Nimetazama kalenda, najua ilikuwa jana. Lakini huenda uliahirishwa. Huenda mlimzuia. Niambie mlimzuia.

Otília

*

Pedra Mansa, 30 Oktoba 1988

Wifi,

Barua yako bado haijanifikia kama uliandika, lakini nakuandikia kwa sababu sina mwingine.

Ilianza Juni. Alikuwa akinyoa, akaniita kwa jina la mama yenu, akacheka. Kisha kijiko kikawa ufunguo, ufunguo ukawa Jumapili. Nilimpeleka mji mkuu kwa siri. Daktari alisema mishipa midogo ya kichwani imeziba, hapa na pale, na itaendelea kuziba. Anaelewa mengi zaidi ya anayoweza kusema. Hilo ndilo baya. Anajua.

Belarmino nilimwambia mwezi Julai, kabla majina hayajapelekwa. Nilidhani atatafuta mgombea mwingine. Akafunga mlango, akanieleza kwa upole kabisa kwamba bila jina la Anselmo Heraldo atashinda, na Heraldo akishinda Mlima utafutwa. Anselmo atapewa umeya, yeye Belarmino atafanya kazi, watu watapata hati zao, na mzee atakufa akiwa na heshima. "Ni miezi minne tu ya kunyamaza, shemeji." Nikaona ni rehema. Ndiyo maana tulisema asiende kwenye mdahalo. Sikukwambia kwa sababu ungekuja, na ungekuja na mdomo wako.

Kisha ikaja barua yako kwake. Aliipokea mwenyewe kwa tarishi. Kuanzia siku hiyo alivaa koti kila asubuhi, akasimama mlangoni. Belarmino alikataa, nami nikakataa, tukaficha funguo za gari. Tarehe 27 alitoka kwa miguu. Watu wakamwona mtaani, wakaanza kumfuata wakiimba, mpaka alipofika kituo cha televisheni alikuwa na umati nyuma yake. Ni nani angemrudisha mbele ya umati ule? Belarmino alimkimbilia na gari akajifanya ndiye aliyeyapanga yote.

Mimi niliketi nyuma ya kamera, karibu na mke wa daktari wa meno.

Mwanzoni alisimama, Otília. Wenzake waliongea wamekaa, yeye akasimama, na maneno yakamjia. Ilikuwa hotuba ya mgomo wa reli, ile ile, tangu mwanzo mpaka mwisho, wala hakukosea hata herufi. Nilisikia watu nje wanashangilia. Nikasema moyoni, Mungu yupo, na Tília alikuwa sahihi.

Halafu ikaja zamu ya maswali. Mwendeshaji akamwomba aketi, ndivyo taratibu zilivyokuwa. Heraldo akamwuliza kuhusu Mlima. Swali lenyewe lilikuwa la haki, ndilo lile lile la Bi Ifigênia: atatoa hati hizo kwa sheria gani, na mwenye ardhi kwenye vitabu atalipwa nini. Anselmo alifungua mdomo. Akasema, "Mlima nitawapa mkate." Akatikisa kichwa, akajua sicho. Akasema, "Mkate wa miguu. Wa kukanyagia." Akaanza upya. Akatafuta mezani kama mtu aliyeangusha miwani. Kisha akanitafuta mimi, na taa zile hazikumruhusu kuniona, akaita, "Mama."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Heraldo ndiye aliyeelewa kwanza. Namchukia mtu yule tangu ujana wangu, lakini nakueleza nilichokiona. Uso ulimbadilika. Aliacha makaratasi yake, akainuka, akachukua glasi yake mwenyewe ya maji, akaizunguka meza akamwekea Anselmo mkononi na kumshikia ili asimwage. Akamwambia kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilinasa, "Kunywa kidogo, Anselmo. Hatuna haraka." Kisha akamgeukia mwendeshaji akamwomba akatize matangazo. Wakakatiza.

Asubuhi Belarmino alikuja na jibu tayari. Anselmo alikuwa mzima, mji mzima ulimsikia akihutubia. Aliharibikiwa baada ya kunywa maji ya Heraldo. Nikamwambia alianza kuharibikiwa kabla ya maji. Akaniambia hakuna anayekumbuka mpangilio wa mambo, watu wanakumbuka glasi. Kufika saa nne redio mbili zilikuwa zinasema ametiliwa sumu. Wakaniletea kipaza sauti nyumbani. Belarmino hakuniomba niseme uongo. Aliniomba niseme hivi: mume wangu alitoka nyumbani kwa miguu yake, akarudi amebebwa. Ni kweli, alibebwa. Nikasema.

Amelala sasa. Tangu siku ile anasema maneno matatu au manne. Jina lako ni mojawapo, lakini anapolitamka anamaanisha kikombe.

Zulmira

*

Lisbon, 9 Novemba 1988

Wifi,

Sitakulaumu na usinilaumu, tutakuwa na muda wa hayo tukizeeka. Uliniziba macho, nami nikamsukuma. Nalala nikiwaza barua ile. Nilimwandikia mtu ambaye hakuwepo tena, na yule aliyekuwepo akainuka akaenda kunifurahisha.

Lakini sasa kuna jambo linaloweza kufanyika, na ni moja. Rudi redioni. Sema anaumwa tangu Juni. Sema Heraldo alimpa maji tu. Huyo Heraldo simpendi, wanajeshi wake walinitoa kwetu, lakini kwa hilo la glasi hana kosa, na mtu akianza kuitwa mwuaji kwenye mji wenye joto kama ule, mambo hayaishii kwenye maneno.

Najua utaniambia kuhusu Mlima. Zulmira, mtu anayeweza kufanya hivi na glasi ya maji atafanya nini na Mlima?

Nimewaandikia gazeti pia, kwa telegramu ili iwahi, nimesaini jina langu kamili. Nimeomba likizo. Wamenipa Januari.

Otília

*

Pedra Mansa, 20 Novemba 1988

Wifi yangu,

Ameshinda. Zaidi ya nusu ya kura zote. Walimbeba mabegani kutoka kitandani mpaka dirishani, akapunga mkono, akawa na furaha ya kweli. Yeye umati anauelewa bado.

Barua yako kwangu ilifika siku mbili baada ya uchaguzi. Ile ya gazeti ilifika kabla, wakaichapisha, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro. Belarmino akasema dada wa mgombea amekaa ughaibuni miaka mingi na Heraldo anajua kutumia pesa zake. Siku hiyo hiyo mtu akaandika jina lako kwenye ukuta wa kiwanda pamoja na neno ambalo sitaliandika. Wale wale, Otília, waliokuwa wakiniuliza habari zako kila Jumapili baada ya misa.

Na ulivyosema kuhusu joto ni kweli. Jumapili kabla ya kura watu walikwenda kiwandani wakidai Heraldo atoke. Heraldo hakuwepo. Aliyekuwepo ni mzee Nicanor, mlinzi wa lango, mtu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Alisimama akawaambia wasubiri apige simu. Jiwe lilimpata kwenye sikio. Hakuamka. Binti yake nilimfundisha kusoma. Nilikwenda msibani, akanikumbatia, akaniambia pole kwa yaliyompata mzee wako, wote wawili wameponzwa na Heraldo. Nilimshika tu.

Jana Heraldo alikuja. Peke yake, kwa mlango wa jikoni, kofia mkononi. Anafunga kiwanda, anahamia kwa mwanawe mji mkuu. Alisimama karibu na jiko akasema, "Bi Zulmira, mimi nilimpa maji."

Nikamwambia najua.

Akangoja. Nadhani alitaka niseme kwamba nitasema. Nilitazama maharage yangu yakichemka. Akavaa kofia yake akaondoka, na Anselmo, aliyekuwa ameketi uani, akamwona akipita, akampungia mkono kama anavyompungia kila mtu.

Nilimwuliza Belarmino kama sasa ningeweza kusema, kwa kuwa kura zimekwisha. Akasema naweza kabisa. Meya akijiuzulu kwa ugonjwa, mwenza wake anaapishwa mahali pake siku hiyo hiyo. Alinieleza hayo huku akinisaidia kubeba vikombe.

Zulmira

*

Pedra Mansa, 12 Machi 1989

Wifi,

Tangu ulipoondoka mwisho wa Januari nimeanza barua hii mara nyingi. Nashukuru ulikuja, nashukuru ulimwogesha kwa mikono yako. Siku zile alilala vizuri. Baada ya kurudi kwako alikwenda kila asubuhi kwenye chumba ulicholala, akakitazama, akarudi. Sasa ameacha.

Uliwahi kuniuliza ni karatasi gani hizo analetewa kusaini. Nikakwambia sijui, mishahara, mambo ya taka. Nilikuwa sijui kweli. Jina lake anaweza kuliandika bado, ndicho kitu pekee ambacho mkono unakumbuka, na wao wanakipenda mno kitu hicho.

Jumatatu iliyopita matingatinga yalipanda Mlimani. Amri ilikuwa na sahihi yake. Eneo la hatari ya maporomoko, imeandikwa, kwa usalama wa wakazi. Kampuni itakayojenga nyumba nzuri kule juu ni ya kaka wa mke wa Belarmino, wala hakujisumbua kulificha. Walianza na nyumba za upande wa mto. Kuta zilianguka na jina la Anselmo bado limepakwa juu yake.

Kufika mchana walikuwa wameshuka, karibu Mlima mzima, wakaja mpaka hapa mlangoni. Wanawake mbele, wengine na godoro kichwani, mmoja na mlango wa nyumba yake mgongoni. Nilisikia kelele zao tangu darajani. Walikuwa wanamwita msaliti, mwizi, na mengine. Polisi wawili waliokuwa getini waliondoka. Nilifunga madirisha. Nilimtafuta Anselmo nimwingize ndani, sikumwona, kumbe alishasikia umati.

Alikuwa amekwisha vaa koti. Akafungua geti mwenyewe.

Otília, alifurahi. Alifungua mikono miwili. Alidhani wamemjia kama zamani, kama siku ya mgomo, kama siku ya kura. Akaanza na waliokuwa mbele, akiwakumbatia mmoja mmoja, akiwapapasa watoto vichwani, akishika lile godoro na kuligongagonga kama mtu anayesifia ng'ombe. Kelele zilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma, polepole, kila aliyekumbatiwa akinyamaza. Wa nyuma waliendelea kumtukana kwa sababu hawakuona. Kisha nao wakaona.

Akapanda kwenye ukuta mdogo wa bustani, akainua mkono, akataka kuwahutubia. Walimngoja. Watu wale, siku ile, walimngoja asiye na chochote cha kuwapa. Alisimama pale kwa muda mrefu, mdomo wazi, akitabasamu, na hakikutoka kitu.

Bi Ifigênia ndiye aliyekwenda kumshusha. Alimshika kiwiko, akamleta mpaka barazani nilipokuwa nimesimama, akamketisha, akamfunga vizuri kifungo cha koti kilichokuwa kimekosewa. Mikono yake ilikuwa na vumbi la nyumba yake mpaka kwenye viwiko. Akaniuliza, "Tangu lini, Mwalimu?"

Nikamwambia tangu Juni ya mwaka jana.

Alihesabu moyoni, niliona midomo yake ikienda. Ule mwezi wa mahindi, ule mwezi wa mdahalo, ile siku ya Nicanor. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kutukanwa.

"Ungetuambia tu," akasema. "Tungempigia mtu mwingine, na yeye tungekuja kumtunza."

Kisha akaenda kuchukua sehemu yake ya mizigo, wakaondoka wote kuelekea barabara ya reli. Sijui wamelala wapi. Anselmo aliwapungia mpaka wa mwisho akakata kona.

Zulmira